Nani Yuko Ukanda wa Ndani

Makongeni, Jumapili jioni

Nasimiyu mwanangu,

Baba yako amekusemesha tangu tulipotoka kanisani na bado anaendelea huko sebuleni. Nasikia sasa amefika kwenye habari za maji ya kuchemsha. Kwa hiyo mimi hayo sitayagusa. Shangazi yako anajua basi lako linaingia Kisumu saa ngapi, sanduku limefungwa, na mchungaji amekuombea kwa sauti ya kutosha nyumba zote za reli kujua unakokwenda. Mimi nimejifungia chumbani, nimewaambia naumwa kichwa, na kichwa hakiniumi. Nakuandikia.

Yule meneja aliyekupa kazi, siku ile alipokuja hapa kunywa chai, alisema neno ambalo limenikwama kooni mpaka leo. Alisema, "Mama, sisi pale kazini ni familia moja, hatufichani kitu." Baba yako akafurahi, na wewe ukafurahi. Mimi nilimtazama alivyokuwa akikizungusha kikombe mezani, nikajiuliza kwa nini mtu anayetafuta msichana wa kuja kumlindia mashine zake ajisifu kwamba hafichi kitu. Labda ni maneno ya adabu tu. Labda ni mimi nimeharibika. Uliuona uso wangu, ukanifuata jikoni ukaniambia, "Mathe, wewe unashuku kila mtu." Sikukujibu kwa sababu jibu lake ni refu, na mgeni alikuwa anangoja maandazi.

Tulikuambia kwamba niliacha kazi ya maabara kwa sababu kazi ilipungua. Ulikuwa na mtihani mbele yako na hatukutaka akili yako ihangaike. Kazi haikupungua, mwanangu. Nilifukuzwa. Na kwa kuwa unakwenda kufanya kazi ileile iliyonitoa pale, afadhali uyasikie kwangu kabla hujakaa kwenye kiti chako.

Niliingia kwa Daktari, mwenye maabara ile, kama mpiga taipu. Nataka nikuambie mapema kwamba alikuwa mtu mwema, maana nikikuacha ukidhani alikuwa na pembe hutamtambua mwingine kama yeye ukikutana naye. Ulipokuwa mdogo, ukishikwa na malaria, alikuwa anakupima mwenyewe na kukupa peremende. Baba yako alipoangukiwa na mzigo kule karakana ya reli, Daktari alikuja hapa nyumbani kwa miguu kumwona. Maabara yake ilikuwa ghorofani pale barabara ya Jogoo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na sisi tuliofanya kazi kwake tulijiona watu wa maana.

Kompyuta zilipoletwa, wengine waliziogopa. Mimi nilizizoea upesi, na polepole nikawa ndiye ninayeitwa kila mashine inapogoma. Halafu Daktari akataka intaneti, ili madaktari wa nje wapate majibu ya wagonjwa wao bila kutuma mtu na bahasha. Akamleta fundi, mtu mrefu mpole aitwaye Odongo, aliyekuja kutuwekea fayawoli. Wewe unaijua kuliko nilivyoijua mimi siku ile. Kwangu ilikuwa kompyuta kuukuu isiyokuwa na hata skrini, iliyowekwa mlangoni kati yetu na dunia, ikiwa na nyaya tatu mgongoni.

Odongo aligeuza kalenda ya ukutani akanichorea nyuma yake. Akaniuliza, mtu akibisha hodi, swali la kwanza ni lipi? Nikasema, ni nani. Akasema hapana, mtu anaweza kujiita jina lolote. Swali la kwanza ni anatokea upande gani.

Basi akanigawia pande hizo. Waya wa kwanza ulikwenda ukanda wa nje, yaani intaneti yote, na huo usiuamini hata kidogo. Waya wa pili ulikwenda ukanda wa ndani: mashine ya mapokezi, ya uhasibu, ya Daktari, na ile iliyohifadhi majibu ya damu. Waya wa tatu ulikwenda ukanda wa kati, wenye mashine moja tu, ambayo ilipokea barua pepe na kuwawekea madaktari wa nje majibu yao wayachukue. Mtu wa nje aliruhusiwa kufika kati. Mtu wa ndani aliruhusiwa kufika kati. Lakini ile ya kati haikuruhusiwa kamwe kuanza safari ya kuingia ndani, kwa sababu wakiiteka hiyo, itakuwa daraja lao. Na mwisho wa sheria zote tukaandika moja iliyoshinda zote: lolote ambalo hatukulitaja, likataliwe.

Nilipenda kazi ile, sikufichi. Niliona kama nimepewa kujenga nyumba. Nilimwuliza Odongo kuhusu wale walio ndani, wenyewe kwa wenyewe wanalindwaje. Akacheka akasema ndani ni ndani. Sikumwuliza tena. Jambo lililoniponyoka ndilo hilo, na huwa nalirudia kichwani ninapofua nguo.

Baadaye kidogo tukapata mteja mkubwa, kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Vibarua waliotaka kuandikwa kazi ya kudumu walitumwa kwetu kupimwa kifua, kupimwa homa ya matumbo, na kupimwa ule ugonjwa. Makubaliano yalikuwa wazi na niliyapiga taipu mimi mwenyewe. Majibu ya damu ni ya mwenye damu. Angeitwa chumbani, aketishwe na nesi, aambiwe polepole. Kiwanda kingepelekewa neno moja tu la Daktari, kwamba mtu huyu ana nguvu za kufanya kazi au hana.

Unamkumbuka Wafula? Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya yetu, na alikaa Kariobangi na mkewe Nanjala, wakiwa na mtoto mchanga. Alikuwa kibarua pale kiwandani kwa muda mrefu na hatimaye jina lake likaletwa kwetu. Akatolewa damu, akaambiwa arudi Ijumaa kuchukua majibu. Alhamisi alipofika kazini, askari wa geti alimzuia. Karani mmoja akatoka, na mbele ya wenzake waliokuwa wanaingia zamu, akamwambia aende akajitibu kwanza.

Jioni hiyo alikuja hapa. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Alisimama mlangoni akakataa kuingia, akakataa chai, na Wafula hakuwa mtu wa kukataa chai. Aliniuliza jambo moja tu. "Mama, kule kwenu mmesema nini juu yangu?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa sijayaona majibu yake, kwa sababu hayakuwa kazi yangu kuyaona. Asubuhi niliyafungua, ikawa mara yangu ya kwanza kufungua jambo lisilonihusu, na kweli alikuwa ameguswa na ule ugonjwa. Maana yake ni kwamba geti la kiwanda lilikuwa limejua kabla yake. Kuna mtu alikuwa amewaambia, na mtu huyo alikuwa katikati yetu.

Kuanzia siku ile, maabara ile haikukalika. Hakuna aliyetangaza kitu, lakini kila mtu alikuwa anahesabu ni nani aliyekuwa karibu na nani. Nesi aliacha kula na mtu wa uhasibu. Mtu akishika simu akainamisha kichwa, wote tulinyamaza tusikie. Na mimi nilikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu mimi nilikuwa na uwezo wa kuchungulia.

Nilimshuku Jescah, yule karani wa mapokezi. Unamjua, ndiye aliyekusuka nywele siku ya kipaimara chako. Alikuwa rafiki yangu, na tulikuwa tukienda pamoja kwa miguu soko la Burma kununua nyama. Lakini kaka yake alikuwa mlinzi kiwandani kulekule, na mara mbili nilimwona akiongea naye ngazini kwa sauti ndogo. Hilo lilinitosha. Sikumwuliza. Niliingia chumba cha mashine, nikaongeza kadi ya kuchomekea waya wa nne kwenye fayawoli, nikauchomoa waya wa mashine yake kule ndani na kumpa ukanda wake peke yake. Aliweza kuandikisha wagonjwa, basi. Majibu hakuweza kuyafikia tena.

Alichukua muda mfupi sana kugundua. Alikuja akasimama mlangoni kwangu na kalamu mkononi.

"Mama Nasi, umenitenga."

Nikamwambia ni utaratibu mpya wa kiusalama.

"Na mashine ya nesi? Na ya uhasibu? Utaratibu huo umewafikia wao?"

Nikamwambia wao watafuata. Akarudi mezani kwake. Kumbe alikuwa akiongea na kakaye juu ya mama yao aliyekuwa amelazwa hospitalini baada ya kuanguka. Hilo nililijua baadaye sana, kwa mtu mwingine.

Kisha likatokea tena. Mama mmoja aitwaye Achieng, mshonaji wa pale kiwandani, alirudishwa getini asubuhi kabla hajaitwa kwetu kuchukua majibu yake. Alikuja moja kwa moja mapokezi akalia mbele ya wagonjwa. Jescah ndiye aliyemshika mkono na kumketisha. Alipomaliza kumtuliza alipita karibu na mlango wangu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa utamweka nani peke yake?"

Shaka yangu ikahamia kwa fundi Odongo. Nani mwingine alizijua nywila zote? Nikazibadilisha zote bila kumwambia, na alipopiga simu kuuliza kwa nini hawezi kuingia kurekebisha kitu, nilimjibu kama mtu asiyemjua. Nikazitazama safari zote zilizopita kwenye fayawoli kwa wiki nzima, za nje kwenda kati, za kati kujaribu kwenda ndani, kila kitu. Hakukuwa na kitu. Kila kilichokatazwa kilikuwa kimekataliwa, na kila kilichopita kilikuwa na ruhusa. Fayawoli ilikuwa safi, na watu waliendelea kuumbuliwa.

Nilianza kukosa usingizi. Nilimshuku nesi, nikamshuku mfagizi. Siku moja nilimshuku baba yako, kwa sababu alikuwa amemtaja Wafula mezani na sikukumbuka kumwambia. Alikuwa amesikia kanisani kama watu wote. Unaniona nilivyokuwa.

Ule ulikuwa mwaka wa mvua kubwa zile, barabara ya Jogoo ikawa mto, na simu zetu zote zikafa. Watu wa simu walipokuja, walifufua laini ya mapokezi na kumwekea Daktari laini mpya ofisini kwake. Nililiona hilo kwa macho yangu na halikuniambia kitu. Kwangu simu ilikuwa simu na mtandao ulikuwa mtandao.

Siku niliyoujua ukweli, Daktari alikuwa ameenda kwao kuzika. Ilikuwa mchana, wenzangu wako nje wanakula, na mimi nikaingia ofisini kwake kutafuta karatasi za kuchapishia. Simu ikalia. Ililia mara moja ikakatika, halafu chini ya meza kitu kikapiga mluzi, kikakoroma, kikanyamaza. Unaijua sauti hiyo. Ilikuwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, na ilikuwa imeipokea simu yenyewe.

Niliinama. Waya ulitoka kwenye ile laini mpya ukaingia kwenye kisanduku kilichofichwa nyuma ya debe la taka, na kutoka hapo ukaingia kwenye kompyuta ya Daktari. Nikainuka nikaitazama skrini. Sikugusa kitu, mwanangu, mikono yangu ilikuwa hapa kifuani. Ule mshale wa kipanya ulikuwa unatembea wenyewe. Ulikwenda ukafungua majibu ya damu, ukashuka polepole, ukasimama kwenye jina la mtu. Ukalifungua. Ukalisoma. Ukalifunga, ukashuka kwenye jina linalofuata. Haukuwa na haraka hata kidogo. Ulifanya kama mtu aliyeketi kwake.

Nilijua ni nani kabla hata ya kufikiri, kwa sababu ulikuwa unaruka wagonjwa wengine wote na kusimama kwa watu wa kiwanda tu.

Nikauchomoa waya. Kisha nikakaa sakafuni, nikaona upumbavu wangu wote umelala mbele yangu. Fayawoli nzima, kanda zote, sheria zote, na mlango ulikuwa umetobolewa nyuma yake na mwenye nyumba. Ule mluzi haukupita popote nilipokuwa nimeweka mlinzi. Uliingia ndani moja kwa moja, na ndani ni ndani.

Daktari aliporudi nilimfuata ofisini kabla hajavua koti. Nilikuwa bado nina tumaini kwamba atashangaa. Hakushangaa. Alinifungia mlango taratibu akaniambia nikae.

Alisema meneja wa kiwanda alimwomba awe anaona mapema, apange watu wake, asije akamfundisha mtu kazi kisha mtu huyo akaanguka. Alisema kiwanda kile ndicho kinachoifanya maabara iwe wazi, na kikiondoka, mimi na Jescah na wote tunarudi nyumbani kwetu. Aliongea bila hasira. Halafu akasema jambo ambalo nalisikia mpaka leo.

"Rispa, ule ugonjwa hauna dawa. Wafula akijua Alhamisi au Ijumaa, tofauti ni nini?"

Ningependa kukuambia nililijibu swali lile, lakini nilikaa pale kama mwanafunzi. Jibu lilinijia nikiwa navuka reli kurudi nyumbani. Tofauti ni kwamba Ijumaa angeambiwa ameketi, na nesi amemshika mkono, na angeamua mwenyewe jinsi ya kumwambia Nanjala. Alhamisi aliambiwa na karani getini, na Nanjala akaambiwa na majirani.

Nilimwambia Daktari kwamba makubaliano niliyapiga taipu mimi. Akasema anajua. Nikamwambia basi aniruhusu niiondoe modemu ile. Aliinama chini ya meza akiwa na suti yake ya msiba, akautafuta waya kwa kupapasa, akaurudisha mwenyewe mahali pake. Hakuhitaji fundi.

Najua unachofikiri sasa, kwa sababu ndicho nilichofikiri mimi. Ningeweza kumfanya Daktari nilivyomfanya Jescah. Ningempa ukanda wake, nikaandika sheria moja, majibu asiyafikie tena. Nililala na wazo hilo. Lakini ningeandika sheria asubuhi, na adhuhuri angeamuru ifutwe, na ningeifuta au angemleta mwingine aifute. Fayawoli humtii mwenye ufunguo. Haina habari kama ni mtu wa haki.

Ilipofika Jumatatu, kundi jingine la vibarua lililetwa kutolewa damu. Walikuwa wameketi kwenye benchi la mapokezi, wamevaa nguo zao nzuri, kama watu wanaokwenda kuandikwa kazi. Nilitoka chumba cha mashine nikasimama mbele yao. Jescah aliacha kuandika. Nikawaambia kwa maneno machache kwamba damu watakayotoa, majibu yake yataonwa na kiwanda kabla ya wao, na kwamba nimeona kwa macho yangu.

Kijana mmoja akasema, "Msee, si nilikushow hawa si wa kuamini," akamvuta mwenzake wakaondoka. Wengine wakawafuata, mmoja mmoja, wengine wakinisalimu kwa kichwa na wengine wakinitazama kwa chuki, kana kwamba ni mimi ninayewanyima kazi. Nadhani nusu yao waliondoka.

Nusu nyingine wakabaki. Hilo sikulitazamia. Palikuwa na mama wa rika langu, amebeba kikapu, na nilimwinamia nikamwuliza kama amenisikia vizuri.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Na nikitoka hapa naenda wapi?"

Akaukunja mkono wa blauzi yake akaangalia mbele, akingoja kuitwa. Mwanangu, mimi nimeshafiwa na wazazi wote wawili, na sijawahi kusimama mahali nikajiona mdogo kama pale.

Daktari aliniita kabla ya saa ya chakula. Alitaka funguo na nywila zote, nikampa zote, sikubakiza hata moja, kwa sababu sikutaka kesho aseme niliiba. Alipokuwa anazitazama alisema, kama mtu aliyeumia kweli, "Ungeniambia, Rispa."

"Nilikuambia, Daktari."

Yalikuwa maneno yetu ya mwisho. Jescah alinibebea begi mpaka stendi. Nilipomshukuru alisema alikuja kwa ajili ya wale watu wa benchi, lakini ya mashine yake bado anayo moyoni. Sikumlaumu. Miaka hii miwili tumesalimiana sokoni, na hatujanunua nyama pamoja tena.

Na kiwanda? Kilihamia maabara nyingine baada ya muda mfupi, na huko sijui wana milango mingapi. Daktari bado yuko, na nasikia modemu ameiondoa, lakini nasikia tu. Kwa hiyo ukiniuliza nilishinda nini, sina cha kukuonyesha. Nilipata kazi ya kufundisha watoto wa watu kompyuta pale Kariobangi, na ndiyo iliyokusomesha.

Krismasi iliyopita tulipokwenda kijijini, mwanamume mmoja mwembamba alitupokea mizigo barabarani na kutubebea mpaka uani, nawe ukaniuliza ni nani, nikasema ni jirani. Alikuwa Wafula, amerudi kijijini, na hukumtambua alivyokonda. Bado anaishi, analima vitunguu, na Nanjala hakumwacha. Alinipa mkono vizuri, akauliza habari za kwaya. Lakini nilipomkaribisha ndani alisema ana haraka, akakaa nje juu ya jiwe zaidi ya saa nzima akiongea na baba yako. Nimeelewa. Kwake yeye, mimi natokea upande ule.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la jikoni. Ndiyo, nashuku. Namshuku huyo meneja wako na familia yake moja. Nashuku kwamba kazi imekuja upesi, wakati kila ofisi inatafuta mtu wa kuangalia mashine zisije zikakosea tarehe mwaka wa elfu mbili ukifika, na wanaotafuta kwa haraka hawapendi maswali. Inawezekana nimekosea juu yake kama nilivyokosea juu ya Jescah. Sikuambii umchukie. Nakuambia tu kwamba nilikuwa nawatazama watu wa mapokezi na wafagizi, kwa sababu hao walikuwa rahisi kuwatazama, na sikuinua macho yangu hata mara moja kumwangalia aliyenipa peremende za mtoto wangu.

Ukifika, kabla hujachora kanda zako, tembea. Ingia chini ya meza, ile ya mkubwa kwanza. Fuata kila waya wa simu mpaka uone unaishia wapi, na ukiambiwa huo si kazi yako, basi huo ndio wa kufuata. Ule ukanda wa ndani usiuache chumba kimoja kikubwa cha watu wanaoitana ndugu. Ugawe. Mpe kila mmoja kile tu ambacho kazi yake inahitaji, na mkubwa umpe vilevile, na wakikuuliza kwa nini, waambie ni kwa wote, na iwe kweli ni kwa wote. Na wewe mwenyewe usijiachie njia ya kupita ambayo huihitaji. Siku utakapochoka au kukasirika, utaitumia.

Ikitokea siku wakakuomba jambo ambalo moyo wako unalikataa, hutakuwa na muda wa kuniandikia. Utakuwa umesimama mbele ya watu wa benchi lako, na baadhi yao watabaki wameketi. Hata hivyo waambie.

Shangazi yako amesema chumba ulichopangiwa kina funguo mbili, na kwamba utanipa mmoja niwe nao, nikija nisipokukuta nisikae nje. Najua ni upendo. Lakini mimi ni mtu wa kuchungulia, na najua nitafungua kabati lako na kusoma barua zako, kisha nitajiambia ni kwa ajili ya usalama wako. Usinipe. Nikija Kisumu nitasimama nje na mzigo wangu, nitapiga hodi kama mgeni yeyote, na wewe utaniuliza natoka wapi kabla ya kunifungulia.

Mama yako,
Rispa